Bure Tu, Jirani

Mtu wa Sumbawanga akikwambia "usijali jirani, hiyo ni bure tu", ingia ndani ukahesabu hela zako. Cha kulipia kina bei. Unalipa, unaondoka, na kesho mnasalimiana kama watu wasiodaiana. Cha bure hakina mwisho. Kitakufuata harusini, kitakukalia msibani, kitakusubiri kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na siku umekisahau kabisa kitabisha hodi saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba, wakati Ufipa nzima imejikunyata chini ya mablanketi na hata jogoo anaona tabu kuwika.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam anayelala na feni: mji wetu uko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai huku si miezi ya kutaniana nayo. Mtu aliyeacha blanketi saa hizo hajaja kukujulia hali.

Ila hatasema. Huku shida haitamkwi mlangoni. Kwanza salamu, na salamu zetu zina vyeo. Wazee wa vijijini bado huchuchumaa na kupiga makofi ya adabu, taratibu, viganja vimekunjwa kidogo. Mimi siku hizi napima shida kwa makofi. Makofi mafupi, chumvi. Makofi ya kawaida, toroli. Yakirefuka na kichwa kikainama, jua kuna mtoto kachaguliwa chuo na ada haijatimia. Baada ya makofi yanakuja mahindi, yameendaje mwaka huu. Kisha bei ya mbolea. Kisha maksai wa kulimia, ambaye mguu unamsumbua tangu juzi. Kisha mvua, ingawa ni Julai na hakuna anayeitegemea kabla ya Novemba. Chai inanyweka, mkaa unakwisha. Mgeni anainuka, anaaga, anashukuru, anafika getini, anashika komeo. Hapo ndipo anageuka.

"Sasa, Mwalimu..."

Yote yaliyotangulia yalikuwa safari ya kulifikia komeo.

Naitwa Mwalimu kwa sababu niliwahi kufundisha, na katika nchi hii mwalimu hastaafu, anabadilisha tu wanafunzi. Wa sasa wana ndevu. Barua za kuomba kazi naandika mimi. Fomu ya mkopo wa chuo najaza mimi. Barua ya kupeleka kwa mtendaji, mimi. Kuna mgogoro wa mpaka wa shamba ambao niliandika malalamiko ya mlalamikaji asubuhi na majibu ya mlalamikiwa jioni, na kila mmoja akanisifu kwamba nimeandika ukweli mtupu. Malipo? "Kalamu haili, Mwalimu." Kweli haili. Ninayekula ni mimi.

Tuje kwenye toroli. Ninalo. Niseme vizuri: hati ya kulinunulia ninayo mimi, toroli lenyewe liko mtaani. Leo liko Chanji linabeba tofali, kesho liko Katandala linabeba mchanga, na kila anayelichukua hulipokea kwa aliyelitumia kabla yake bila kupitia kwangu, ili wasinisumbue. Jirani akija kuliazima akakuta halipo, ananikasirikia mimi: "Sasa Mwalimu, ulimpa nani bila kuniambia?" Nimewahi kumwomba radhi mtu kwa kutokuwa na toroli langu. Na utajua ni la nani siku ya pancha. Likiwa zima, ni letu. Likitoboka, kijana anakuja na sura ya msiba kuniambia, "Mwalimu, toroli lako limepata pancha."

Ungedhani hapo pana nafuu, kwamba angalau wao ndio ninaowadai shukrani. Wapi. Siku mbili baadaye mke wa aliyeazima anakuja na ndoo ya maharage. Maharage ya Ufipa, mazuri, yanaiva upesi. "Hapana mama, ile ilikuwa bure tu." "Na haya bure tu, Mwalimu." Sasa nani anamdai nani? Huwezi kuyarudisha, ni matusi. Ukiyala umeingia kwenye kamati ya harusi ya mwanawe, na wewe hujui, na kijana bado yuko kidato cha pili.

Babu zetu hawakuishi kizembe namna hii. Ulimaji wa asili wa Wafipa ulikuwa wa jasho: mvua zikielekea ukingoni, watu walikata nyasi, wakazifunika kwa udongo, wakajenga matuta ya duara, shamba zima likaota vichuguu. Nyasi zikaoza humo ndani, na msimu uliofuata matuta yakasambazwa na kupandwa ulezi. Wataalamu wa kilimo waliokuja baadaye na maneno marefu kuhusu mboji walitukuta tunayo. Lakini kaya moja kwa majembe yake matatu haiwezi kuyamaliza matuta hayo kabla ardhi haijakauka. Unahitaji kijiji.

Kijiji hakikuitwa kwa maneno matamu. Kiliitwa kwa pombe ya ulezi. Mwenye shamba anatangaza siku, kimea kinaandaliwa, pombe inapikwa, na siku hiyo kabla ya jua watu wako shambani na majembe. Alivyosimulia babu yangu, aliyelima matuta hayo upande wa Nkansi, aliyefika mapema alikaa karibu na chungu, aliyefika jua limepanda alikaa pembeni, na aliyefika kwa harufu aliulizwa jembe lake liko wapi. Mnalima, mnakunywa, mnaimba, chungu kinalia kikavu, mnarudi nyumbani. Kwisha. Kesho yake hakuna aliyekuja kumkumbusha babu kwamba "unakumbuka lile tuta?" Tuta lilishanywewa. Chungu kile kilikuwa risiti: ukiona kitako chake, hesabu imefungwa.

Hata chuma. Ukitembea vijijini utayakuta mabaki ya malungu, zile tanuri ndefu za udongo za kuyeyushia chuma, zenye kimo cha mita 3 hivi, zilizovuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kuvuvia. Chuma cha humo kilipelekwa kwenye tanuri ndogo, na huko ndiko mivukuto ilikofanya kazi, kisha kikafuliwa majembe. Fikiria watu wanaotakiwa: wa kuchimba mawe, wa kuchoma mkaa, wa kukanda udongo, wa kubeba, na fundi mkuu wa kuwaamrisha wote na kujua dawa za kuweka chini ya tanuri. Huwezi kuendesha ilungu kwa "nitaangalia nafasi yangu". Kila mmoja alijua anakuja kufanya nini na ataondoka na nini. Kisha majembe ya dukani yakaenea, malungu yakazimika, na nadhani elimu ya kudaiana kwa heshima nayo ikazimika humo humo.

Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis alikaa Ufipa miaka ya 1960 na kutuandikia vitabu. Alituona ni watu wa amani, tunaopenda kukaa karibu karibu na kushirikiana. Namheshimu sana. Ila hakuwa na toroli.

Nisiseme kwamba utaratibu wa bei umetupotea kabisa. Kabla ya lami, basi kutoka Mbeya wakati wa masika lilikuwa mradi wa kujitolea. Nauli umelipa, kusukuma umesukuma, na suruali ya harusi uliyoibeba umeivaa kwa sababu uliyokuwa nayo imebaki kwenye tope. Basi likizama kabisa walitokea wenye maksai. Hao sikuwahi kuwalalamikia. Walikuja na minyororo, wakataja bei, kondakta akalia, wakataja tena ile ile, wakalipwa, wakavuta. Hakuna aliyesema bure tu. Sisemi kwamba yale mashimo walikuwa wanayamwagilia maji. Nasema tu kwamba mengine yalikuwa na tope hata mwezi wa nane.

Lami yenyewe ilikuja kwa msaada, na huo ndio msaada ninaoupenda kuliko yote. Februari 2008 Rais Bush alikuja Dar es Salaam, yeye na Rais Kikwete wakasaini mkataba wa dola milioni 698 wa Shirika la Changamoto za Milenia, na barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ikawa mojawapo ya kazi zake. Mkataba ulikuwa na kurasa, ulikuwa na masharti, ulikuwa na muda wake: miaka 5. Tangu siku hiyo hakuna Mmarekani aliyeshika komeo la geti langu akasema, "Sasa, Mwalimu..."

Na Zambia! Kwa miaka mingi mji huu uliwasha taa zake kwa umeme ulionunuliwa ng'ambo, kutoka upande wa Mbala. Huyo ndiye jirani. Anakuwashia taa, anakuletea ankara, unalipa, mnaendelea kuheshimiana. Hajawahi kutuletea ndoo ya maharage.

Shida nyingine inatoka mbali, kwa marafiki. Tanzania nzima ina imani juu yetu ambayo haikuombwa. Pita Dar es Salaam utaona vibao kwenye nguzo: mganga kutoka Sumbawanga, anarudisha mpenzi, anarudisha mali, anasafisha nyota. Wengi wa waganga hao nina hakika hata Laela hawajafika. Lakini matokeo yanatua kwangu. Simu inaita, namba ngeni, kumbe ni mwenzangu wa chuo tuliyepotezana tangu zama za kandambili za matairi. Anacheka, anaulizia watoto, anaulizia baridi, anaulizia bei ya mchele wa bonde la Rukwa na kama migebuka ya Kirando bado inafika mjini. Namsikiliza huku nikilitafuta komeo lake liko wapi. Hatimaye: "Sasa kaka, kuna simu yangu imeibiwa Kariakoo. Hebu niunganishe na mtaalamu wa huko, amtumie mwizi radi."

Nikimwambia sijui mtaalamu yeyote, mimi mwenyewe jino likiniuma naenda hospitali, anashusha sauti. "Naelewa kaka. Najua hamruhusiwi kusema." Kwake mimi ni mchoyo wa radi. Nchi nzima inaamini tunazo ghalani, tumezipanga kama debe za mahindi, na tunawanyima wenye shida. Kumbe radi za kweli zinatupiga sisi, masika yote, zinaua ng'ombe, zinachoma paa, na wala hakuna wa Kariakoo anayepiga kusema pole.

Ila nikiwapanga wanaonidai kwa uzito, mtafuta mganga yuko chini kabisa. Juu kabisa iko kamati ya harusi.

Zamani kadi ya mchango ilikuja kwa mkono, na mtu mwenye akili alikuwa na mlango wa uani. Leo unaamka umeshaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp. Hujaombwa, umeongezwa. Watu 143, bwana harusi humjui, ila baba yake aliwahi kukuazima ngazi. Singo elfu hamsini, dabo laki moja. Kila siku usiku, saa tatu, mweka hazina anabandika orodha upya. Waliomaliza wana alama ya vema. Waliotoa kidogo wana "bado" kwenye mabano. Wewe una jina na nukta. Nukta tupu. Kesho yake orodha inapanda tena, waliomaliza wamesogezwa juu, na wewe na nukta yako mnashuka chini pamoja na watu wenye sifa mbaya. Siku ya nne mtu anaandika, "Jamani tusiwasahau wanakamati wetu wa chini," akaongeza viganja vya kuomba. Wahasibu wa babu walikuwa chungu kimoja. Hawa wana simu janja, na pesa inatumwa kwa simu, hivyo huwezi hata kusingizia kwamba benki ilikuwa imefungwa.

Msiba siulalamikii. Pale watu wanakuja bila kuitwa. Vijana wanachukua sururu na chepeo, wanawake wanashuka na kuni kichwani na unga kwenye beseni, mikeka inatandikwa, moto unawashwa nje, na mfiwa haulizwi sufuria liko wapi. Baridi ya Julai ikishika, waliokuja kukesha wanakuwa wengi kuliko waliomjua marehemu, na mjadala wa Simba na Yanga unafika mbali, lakini wako. Nina neno moja tu, nalo ni daftari la rambirambi. Kwa nini lazima lisomwe kwa sauti? Jina, kiasi, kituo. Jina, kiasi, kituo. Na msomaji wa mtaa wetu ana kituo kirefu sana kwenye kiasi kidogo.

Mke wangu hana matatizo haya. Yeye yuko kikobani. Wanakutana kila wiki, wananunua hisa, wanakopeshana, na wana mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Sanduku lao lina kufuli tatu na funguo zimeshikwa na wanawake watatu tofauti, kwa hiyo ili liibwe lazima wapatane kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ukichelewa faini. Simu ikilia kikaoni faini. Ukisema "nitaleta kesho", katibu anaandika kesho ya tarehe ngapi. Nilimwambia hiyo si roho ya ujirani. Akanitazama. "Jirani yangu nikimkopa najua nitamaliza lini. Wewe na wenzako mnapeana bure mpaka mnaogopana."

Nikaona hoja hiyo isipotee. Kwenye mkutano wa mtaa, tulipomaliza mtaro wa maji ya mvua na mbwa wasio na wenyewe, tukafika kwenye mengineyo, nikasimama. Nikatoa pendekezo rasmi. Nikasema turudishe utaratibu wa wazee: mwenye shida aseme shida yake asubuhi, mlangoni, kabla ya chai. Wenzake wamsaidie siku moja. Jioni atoe chungu kimoja cha pombe ya ulezi, kinywewe, kitako kionekane, na deni life siku hiyo hiyo. Maharage yapigwe marufuku.

Pakawa na ukimya mzuri, nikadhani nimewagusa. Kisha ndugu mmoja aliyeokoka akasema pombe hapana, labda soda. Mwingine akasema soda haina kitako cha kuonekana, kila mtu na chupa yake, nani atajua hesabu imefungwa? Mtu akapendekeza togwa, likawagawa watu vibaya. Kijana wa bodaboda akasema wao hawanywi ulezi, mzee toa tu elfu tano tuondoke. Mzee mmoja akauliza bei ya debe la ulezi siku hizi, akatajiwa, akakaa chini mwenyewe.

Ndipo nyuma kabisa, walikokaa watu wa kikoba, akasimama mama mmoja. Akaniamkia vizuri. Akapiga makofi, marefu.

"Mwalimu, hicho chungu cha babu yako kilikuwa kinafunga hesabu ya wanaume. Ulezi alikuwa anausaga nani? Kuni za kuupikia alikuwa anazifuata nani? Bibi yako alipewa chungu gani?"

Nikawa naandika kitu kwenye daftari langu. Sikumbuki ni nini, nadhani nilichora ng'ombe.

Mke wangu hakusema neno, na sikumtazama.

Mwenyekiti, mtu wa busara, aliona giza linaingia na baridi inapanda, akasema suala ni zito, haliwezi kuamuliwa kwa jazba, liundiwe kamati. Ikaundwa papo hapo, wajumbe saba, mimi mwenyekiti wake kwa kuwa ndiye niliyeleta hoja, na mama yule wa makofi katibu. Kikao cha kwanza ni Jumapili baada ya misa ya pili, nyumbani kwangu. Ikaonekana wajumbe hawawezi kukaa na njaa. Chai na maandazi, kila mjumbe elfu mbili, na mwenye nyumba, kwa heshima ya wageni, elfu kumi. Katibu akafungua ukurasa mpya, akaandika majina saba, langu la kwanza, na mbele yake akaweka nukta.